Mawe Mawili Mfukoni: Vepu, Debe na Dhamiri



Wapendwa vijana, Krismasi iliyopita nilikuwa nyumbani Basotu. Mdogo wangu naye alikuwa amerudi kutoka chuo Dar es Salaam. Ni mtoto wa baba mdogo. Hapa nitamwita Eliya, ingawa siyo jina lake. Jioni moja tulikaa nje ya nyumba ya bibi, upande unaotazama ziwa, akatoa mfukoni kitu kidogo cha rangi ya chungwa, akakiweka mdomoni, akavuta. Moshi ukatoka mwingi, lakini haukunuka sigara. Ulinukia embe.

Bibi husaga ugoro wake mwenyewe, tumbaku na magadi. Akaomba akione kile kitu. Akakigeuza, akakinusa.

"Kinanukia embe. Embe lenyewe liko wapi?"

Eliya akacheka. "Hamna embe humo, bibi. Ni maji tu yenye ladha."

"Maji ya nini?"

Hapo Eliya hakuwa na jibu. Bibi akamrudishia kitu chake. "Mimi changu nakijua," akasema, akaingia ndani na kopo lake.

Alipoondoka, mdogo wangu akaniambia jambo ambalo nadhani ndilo alilotaka kuniambia tangu nifike. Hizo vepu, yaani sigara za kielektroniki, havuti tu. Anauza. Ananunua Kariakoo na kuwauzia wenzake hosteli. Kwenye begi alikuwa amebakiwa na kumi na moja. Boom likichelewa, hizo ndizo zinamlipia chumba na chakula.

"Sasa Frateri, hii nayo ni dhambi? Simlazimishi mtu. Wote ni watu wazima. Na sijaona sheria inayonikataza."

Yaani hapo nimemaliza falsafa, nina digrii, nimeandika tasnifu kuhusu uhuru wa utashi, na swali la mtoto wa baba mdogo likanikalisha kimya. Nilinyamaza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hata mimi sikujua ndani ya kile kitu kuna nini. Ya pili nitaisema mbele, maana ni ngumu kidogo.

Ndani kuna nini?

Niliporudi seminarini nilisoma. Maji ya vepu kwa kawaida yana vitu vinne: propilini glaikoli, gliserini (ndugu ya ile tunayojipaka ngozi ikikauka), kemikali za ladha, na nikotini. Nikotini ndiyo inayomfanya mtu ashindwe kuacha, na kwa kijana ni mbaya zaidi, kwa kuwa ubongo wa mwanadamu huendelea kukua mpaka karibu miaka 25.

Mpaka hapo ni rahisi. Kilichonishtua ni kwamba vitu hivyo vinne havichanganywi kwa kipimo kimoja duniani. Vinabadilika kila ukivuka mpaka.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2016, nikotini haitakiwi kuzidi miligramu 20 katika kila mililita ya maji hayo. Tangi la kifaa halitakiwi kuzidi mililita 2, wala chupa ya kujazia mililita 10. Ni marufuku kuweka vitamini au kafeini ili mtu adhani anavuta afya au nguvu. Uingereza ilitoka kwenye Umoja wa Ulaya lakini kipimo hicho ikabaki nacho. Kanada ilifuata kwa miligramu 20 mwezi Julai 2021. Marekani haikuweka kikomo kama hicho. Ndiyo maana vepu maarufu iitwayo Juul iliuzwa kule ikiwa na takribani miligramu 59 kwa mililita, wakati London iliuzwa isiyozidi 20. Jina lile lile, umbo lile lile, nikotini karibu mara tatu.

Kisha kuna China. Vepu nyingi zinazouzwa duniani hutengenezwa huko, hasa katika jiji la Shenzhen. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022, China imepiga marufuku kuwauzia wananchi wake vepu zenye ladha za matunda na nyinginezo. Imebaki ladha ya tumbaku peke yake. Lakini zinazotengenezwa kwa ajili ya kupelekwa nje hufuata sheria za nchi zinakokwenda. Kwa hiyo embe, ambalo kijana wa Shenzhen haruhusiwi kuuziwa dukani kwao, linaweza kupakiwa kiwandani Shenzhen likasafiri mpaka begi la Eliya.

Na sisi? Uganda ilikata shauri mapema: sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 ilipiga marufuku sigara za kielektroniki kabisa. Kwetu Tanzania, Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ni ya mwaka 2003. Mwaka huohuo, mfamasia Mchina aitwaye Hon Lik ndiyo kwanza alikuwa anabuni kifaa chenyewe. Sheria yetu iliandikwa kwa ajili ya sigara ya kuwashwa kwa kiberiti.

Mtu atasema, miligramu ni mambo ya maabara. Hapana. Marekani, kufikia Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa hospitalini au kufa kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na vepu. Waliokufa walikuwa 68. Kilichohusishwa zaidi ni aina ya vitamini E iliyochanganywa kwenye maji ya bangi, mengi yakiwa yamenunuliwa mitaani. Vitamini E ukiila haina neno, ukiipaka haina neno. Ukiivuta mapafuni ni habari nyingine. Vivyo hivyo kuna kemikali ya ladha ya siagi iitwayo diasetili: mwaka 2000 iligundulika kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha bisi huko Missouri walikuwa wameugua mapafu, na baadaye ikajulikana kuwa sababu ni mvuke wake waliokuwa wakiuvuta kazini. Walaji wa bisi hawakudhurika hivyo. Uingereza hairuhusu kemikali hiyo kwenye vepu. Kwa hiyo "ni ladha tu" siyo jibu. Inategemea ni ladha gani, na inaingilia wapi.

Jambo moja zaidi, maana hili lilinikaa kichwani. Nikotini nyingi huwasha koo. Mvutaji anakohoa, anapunguza. Watengenezaji wakagundua kwamba ukiongeza asidi, mfano asidi ya benzoiki, koo haliwashi, na mtu anaweza kuvuta nikotini kali bila kuhisi ukali wake. Kikohozi kilikuwa mlinzi wa mwili. Walichofanya ni kumlaza mlinzi.

Mawe mawili

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, Mungu anawakataza Waisraeli kutembea na mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja zito na moja jepesi. Kitabu cha Mithali kinarudia jambo hilo zaidi ya mara moja, na nabii Amosi, sura ya 8, anawakemea waliopunguza kipimo cha nafaka na kuongeza uzito wa jiwe ili wawapate maskini.

Tuangalie kwa makini kosa lilipo. Jiwe zito si dhambi. Jiwe jepesi si dhambi. Dhambi ni kuwa nayo yote mawili, na kumtazama kwanza mteja usoni kabla ya kuchagua la kutoa.

Mwaka 2019 shirika la Uswisi liitwalo Public Eye lilipima sigara zilizotengenezwa Uswisi na kuuzwa Moroko. Zilikuwa na lami, nikotini na hewa ya kaboni monoksidi zaidi kuliko zile zinazouzwa Uswisi kwenyewe. Sheria ya Uswisi iliruhusu kutengeneza kali za kupeleka nje. Hakuna aliyevunja sheria. Ni mawe mawili tu, na yote yana mhuri wa serikali.

Pingamizi kutoka kwa Mtakatifu Tomaso

Hapa nilitaka kufunga kesi, lakini falsafa ina tabia ya kukuharibia usingizi. Nilifungua Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 77, ambapo Mtakatifu Tomaso wa Akwino anazungumzia udanganyifu katika kuuza na kununua. Nikakuta anasema jambo lililonibana: kwamba vipimo vya bidhaa hutofautiana kihalali mahali na mahali, kwa kuwa penye wingi wa mali kipimo huwa kikubwa, na ni kazi ya watawala wa kila mahali kuweka kipimo cha haki.

Si ndiyo hoja ya Eliya hiyo? Uingereza imeweka chake, Marekani imeamua yake, Uganda imekataa. Muuzaji anatii sheria ya mahali alipo. Tatizo liko wapi? Na tusiseme haraka kwamba ni matajiri wanawaonea maskini, maana Marekani ni tajiri na ndiyo iliyoachia miligramu 59. Tena watu wenye nia njema hutofautiana: Uingereza huona vepu yenye kikomo inaweza kumsaidia mvutaji mzee kuachana na sigara, Uganda ikaona hatari kwa vijana ni kubwa kuliko faida.

Nilikaa na pingamizi hilo siku kadhaa. Nadhani jibu limo humohumo kwa Tomaso. Anaruhusu kipimo kitofautiane kwa sababu kuna kitu halisi kinachotofautiana: wingi wa mali. Mwaka ambao Basotu imevuna ngano nyingi, ni haki debe letu liwe tofauti na la Dodoma yenye njaa. Sasa niambie, ni kitu gani kinachotofautiana kati ya mapafu ya kijana wa Manchester na mapafu ya kijana wa Basotu? Ubongo wa miaka 20 unakua kwa namna moja kotekote. Mwili haubadiliki ukigongwa mhuri wa pasipoti. Kinachobadilika mpakani ni mlinzi tu: huku yuko macho, kule amesinzia, kwingine hajaajiriwa bado. Na mtu anayebadilisha kipimo kwa kumwangalia mlinzi badala ya kumwangalia mtu atakayekitumia, huyo ndiye mwenye mawe mawili.

Katika swali hilohilo Tomaso ana mfano wa ngano. Mfanyabiashara anafika na ngano mahali penye uhaba, bei iko juu, naye anajua kuna wenzake wanakuja nyuma na ngano nyingine. Je, lazima awaambie wanunuzi? Tomaso anajibu kwamba haki haimlazimishi, ingawa angesema angekuwa na fadhila kubwa zaidi. Lakini kasoro iliyofichika ndani ya bidhaa, inayoweza kumdhuru mnunuzi, hiyo muuzaji lazima aiseme. Hapo hana ruhusa ya kunyamaza.

Kwa hiyo kumbe siyo kila kunyamaza sokoni ni dhambi. Unaweza kunyamaza kuhusu faida yako. Huwezi kunyamaza kuhusu kitakachomuumiza ndugu yako.

Debe la baba mdogo

Sasa ile sababu ya pili ya kunyamaza kwangu.

Baba mdogo alikuwa mnunuzi wa mahindi. Alizunguka vijijini wakati wa mavuno, na siku za mnada alikaa na gunia na debe lake. Nilimsaidia nikiwa darasa la tano. Siku moja aliniagiza stoo nikamletee debe, nikaleta, akanifokea: "Siyo hilo! Hilo ni la kuuzia." Nikarudi. Nikayaweka mawili chini sambamba, na kwa mara ya kwanza nikaona. La kununulia lilikuwa limegongwa kwa nyundo kutoka ndani, pande zake zimetuna na kitako kimeshuka. Ukitazama haraka, ni debe. Na lilijazwa mpaka linafanya kilima. La kuuzia lilikuwa limenyooka, na lilifutwa juu kwa kijiti.

Nilipeleka lile lililotuna. Alikuwepo mama mmoja mjane, namkumbuka kitenge chake, aliyepima mahindi yake yote humo, akahesabiwa hela, akashukuru.

Wazazi wangu hawakuwa na uwezo. Ada yangu ya seminari ndogo alilipa baba mdogo. Yaani wito wangu, ambao nauita zawadi ya Mungu na kweli ni zawadi, umepitia kwenye lile debe.

Ndiyo maana Eliya aliponiuliza nilikosa mdomo. Yeye anarithi kazi ya baba yake bila kujua, na mimi ndiye niliyekula matunda ya kwanza. Ni rahisi sana kuandika juu ya viwanda vya Shenzhen na Uswisi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inasema kuchukua au kuzuia isivyo haki mali ya mwingine ni kinyume cha amri ya saba hata pale ambapo sheria za nchi hazijavunjwa. Nimeisoma namba hiyo darasani mara ngapi? Na sijawahi kuisoma nikimfikiria yule mama.

Kutojua kwa kutaka

"Kila mtu anajua anachonunua," Eliya aliniambia jioni ile. Lakini yeye mwenyewe hakujua anachouza. Swali la bibi lilimshinda.

Mtakatifu Tomaso anatofautisha aina za kutojua. Kuna kutojua ambako huwezi kukuepuka, na huko kunakuondolea hatia. Kuna kutojua kwa uzembe, pale ulipopaswa kutafuta na hukutafuta. Na kuna kutojua kwa kutaka: mtu anakwepa makusudi kujua ili asije akazuiwa kufanya anachokitaka. Huko hakupunguzi kosa.

Vijana wenzangu, hapa tuko wengi. Hatusomi maandishi madogo kwa sababu tunahofia tutakachokuta. Unavuta embe, hutaki kujua ni miligramu ngapi. Uhuru tunaoupenda kuutaja, "ni maisha yangu, ni chaguo langu," unahitaji macho. Huwezi kusema umechagua kitu usichokijua. Umekubali tu kupelekwa.

Nisieleweke vibaya kuhusu bibi. Kukijua kitu hakukifanyi kiwe salama, na ugoro nao huleta saratani ya kinywa. Nimemwambia, akanijibu ana miaka themanini. Katekisimu, namba 2290, inataja tumbaku pamoja na chakula na pombe inapozungumzia fadhila ya kiasi, na kiasi huanza na kujua kipimo. Bibi walau anajua anapigana na nini.

Na kwa wanaouza, yupo wa kumwangalia. Vatikani ilikuwa ikiwauzia wafanyakazi wake sigara kwa bei nafuu, na mapato yalikuwa mazuri. Novemba 2017 Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliamua kwamba kuanzia 2018 biashara hiyo iishe, kwa sababu Kiti Kitakatifu hakiwezi kushiriki jambo linaloharibu afya ya watu waziwazi. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Mlango ulikuwa wazi na hela zilikuwa zinaingia.

Nilichomjibu

Mwezi wa pili nilimpigia Eliya. Nilimweleza niliyosoma. Kisha nikamweleza habari ya debe. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekata. Akaniuliza, "Baba?" Nikamwambia ndiyo, na mimi nililibeba.

Nilimwambia hivi: kama huwezi kumwambia mteja kilichomo, usimuuzie. Na ukishaweza kumwambia, jiulize kama ungemuuzia mdogo wetu wa mwisho. Hakuniahidi kitu. Alisema chumba kinataka kodi, na mimi seminarini silipi kodi, jambo ambalo ni kweli.

Wiki tatu baadaye alinitumia picha ya boksi, upande wa maandishi madogo. "Frateri, hapa wameandika 5%. Hizo ni miligramu ngapi?" Nikamjibu: takribani 50 katika kila mililita. Akajibu kwa neno moja: "Duh."

Sijui amefanya nini na zile zilizobaki. Lakini amesoma, na sasa hawezi tena kusema hakujua. Hata mimi siwezi. Lile debe bado limetundikwa stoo, na baba mdogo bado sijaongea naye. Nikienda nyumbani Pasaka nitaongea naye, kwa heshima, kama mtoto aliyelipiwa ada. Na yule mama mwenye kitenge, kama bado yupo, nitamtafuta.

Kwa tafakari yako wiki hii

Je, nina mawe mawili? Kipimo kimoja kwa wanaoweza kunikamata, na kingine kwa wasioweza? Kuna maandishi gani madogo maishani mwangu ninayoyakwepa kwa makusudi? Ni faida gani ninayoila leo iliyopimwa kwa debe lililotuna?

Tusali: Ee Bwana Yesu, wewe unatupima wote kwa huruma moja, tajiri na maskini, wa mjini na wa kijijini. Utuondolee mfukoni jiwe la pili. Utupe ujasiri wa kujua tunachokiingiza mwilini na tunachokitia mikononi mwa wenzetu, na uwarudishie, kwa njia unazozijua, wale waliopunjwa kwa ajili yetu. Amina.

Wenu katika Kristo,
Frateri wa Basotu